Kitambi cha Mtoto wa Mbwa Si Shibe

Muulize mfugaji wa mbwa watoto watapewa lini dawa ya minyoo, atakujibu: siku ya chanjo ya kichaa, wakifikisha miezi mitatu. Kabla ya hapo wananyonya tu, minyoo wataitoa wapi?

Wataitoa kwa mama yao. Minyoo ya mviringo, *Toxocara canis* kwa jina la kitaalamu, haimsubiri mtoto aokote uchafu uani. Mabuu yake hujificha katika misuli ya jike, mahali ambapo dawa za kawaida haziyafikii. Mimba ikipita wiki ya sita huamka, yakavuka kondo la nyuma na kuingia kwa watoto ambao hawajazaliwa. Mengine hufuata kwenye maziwa, na minyoo ya safura nayo hupita humohumo. Basi ziwa tunalolihesabu kuwa kinga ndiyo njia yenyewe.

Halafu tunasifu kitambi: "Tazama alivyoshiba!" Ameshiba nini, na mbavu zinahesabika? Safura hunyonya damu, na mtoto mchanga anaweza kuishiwa damu akafa kabla choo chake hakijaonyesha hata yai moja.

Wapo wanaojiona waangalifu zaidi: hawatoi dawa mpaka choo kipimwe. Hadubini inatafuta mayai, na minyoo michanga haitagi. Majibu safi ya mtoto wa wiki mbili hayamwondolei mtu wajibu wa kumpa dawa. Kupima kuna kazi yake, hasa akiendelea kuharisha baada ya dawa, kwa kuwa giardia na koksidia ni vimelea vya seli moja ambavyo dawa ya minyoo ya pairanteli haivigusi kabisa.

Dawa ianze wiki ya pili, irudiwe kila wiki mbili hadi ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Kipimo kifuate uzito, si kukisia kwa macho, na mama anyweshwe siku hiyohiyo, maana yeye ndiye anayewalamba.

Anayengoja miezi mitatu ajue kwamba tangu wiki ya tatu hivi minyoo ya mviringo imekuwa ikitaga uani kwake. Kinyesi kibichi hakiambukizi bado. Yai huhitaji kama wiki mbili au zaidi udongoni ndipo liwe tayari. Likishakuwa tayari hudumu miaka, na mtoto wa binadamu akilimeza, buu laweza kufika hadi kwenye jicho lake.