Luol Deng: Kutoka Uwanjani Hadi Benchi la Walimu

Mji wa Mocímboa da Praia ulipokombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda tarehe 8 Agosti, 2021, wakazi wake wengi walikuwa wametawanyika, na watoto wao wakikulia ugenini. Askari anayelinda pwani hiyo, kutoka Palma kushuka kusini, huwaona watoto waliorejea wakifukuzana na mpira mchangani. Ni nani atakayewafundisha? Swali hilo limekwisha kuulizwa na taifa jingine la Afrika lililotawanywa na vita, nalo ni Sudan Kusini.

Luol Deng alizaliwa Wau mwaka 1985. Vita viliilazimisha jamaa yake kukimbilia Misri, na huko ndiko alikofundishwa mpira wa kikapu na Manute Bol, Mdinka mwenzake aliyekuwa amekwisha kucheza Marekani. Baadaye jamaa hiyo ilihamia London. Mwaka 2004 Deng aliingia katika ligi kuu ya Marekani, akadumu humo misimu 15, mingi katika timu ya Chicago, na mara mbili, 2012 na 2013, aliteuliwa miongoni mwa nyota wa ligi hiyo. Alistaafu mwaka 2019, na mwaka huo huo akachaguliwa kuwa rais wa chama cha mpira wa kikapu cha Sudan Kusini, nchi ambayo haikuwa na ukumbi hata mmoja wa ndani wa mchezo huo.

Novemba 2020, mjini Kigali, Deng mwenyewe alisimama kama mwalimu wa timu ya taifa. Yumkini wengi wangeridhika: jina kubwa, nchi changa, wachezaji wanaomheshimu. Lakini mwaka uliofuata aliikabidhi kazi hiyo kwa Royal Ivey, Mmarekani aliyeingia ligi ile ile mwaka ule ule wa 2004, ila hakupata kuwa nyota. Ivey alikuwa zaidi mchezaji wa akiba. Kisha akaanza upya chini kabisa, akawa mwalimu msaidizi katika timu kadhaa.

Kwa maoni yangu, uamuzi huo wa Deng ni mkubwa kuliko vikapu vyake vyote. Wanajeshi tunalijua jambo hili, ijapokuwa hatupendi kulisema: mlenga shabaha hodari wa kikosi si lazima awe mkufunzi mwema. Yeye hulenga bila kufikiri, hivyo hushindwa kumweleza kuruta kosa liko wapi. Aliyejifunza kwa taabu hukumbuka kila hatua.

Chini ya Ivey, timu hiyo ilifika robo fainali ya Kombe la Afrika 2021, ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza kushiriki. Katika Kombe la Dunia la 2023 iliwashinda Wachina na Waangola, ikajipatia nafasi ya Olimpiki. Wengi wa wachezaji wake walikuwa watoto wa wakimbizi, waliokusanywa kutoka Marekani, Australia na kwingineko.

Tarehe 28 Julai, 2024, huko Lille, Ufaransa, waandalizi walianza kwa kupiga wimbo wa taifa usio wao, ule wa Sudan. Vijana wakasubiri kwa utulivu, wakapigiwa wa kwao, kisha wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Rais wa chama alikuwa benchini, akimsaidia Ivey.