Tupeni namba za gridi

Leo sitaandika habari za Linux wala PHP. Kuna jambo linanikera tangu Agosti 2023, nisipolitoa litaniua.

Usiku wa tarehe 25 mwezi ule stima zilipotea. Si Voi peke yake, karibu Kenya nzima. Kenya Power ikasema chanzo ni kupotea kwa umeme wa upepo wa Lake Turkana, ule mtambo wa megawati 310 kule Loiyangalani. Wenye mtambo wakajibu: la, volteji ya gridi ndiyo iliyopanda kupita kiasi, na mitambo yetu imeundwa kujizima isiharibike. Haya, mwananchi uliyekaa gizani, umwamini nani?

Tarehe 6 Septemba 2024, yale yale. Wizara ikaeleza kwamba laini ya Loiyangalani ilikatika Suswa ikiwa imebeba megawati 288, kisha laini ya kutoka Ethiopia ikafuata na megawati 200. Jumla 488. Asanteni kwa kujumlisha. Lakini kwa nini ya pili ilifuata ya kwanza? Kwa nini gridi iliyobaki haikustahimili? Kujumlisha hakujibu hilo. Linajibiwa kwa kuiiga gridi ndani ya tarakilishi na kuikata laini hiyo hiyo, mara mia ukitaka, bila kumzimia mtu taa.

Jamani, hii si sayansi ya siri. Kila kituo ni nukta yenye umeme unaoingia na unaotoka. Kila laini ina ukinzani wake. Unaandika milinganyo, unaitatua kwa njia ya Newton na Raphson, unapata volteji ya kila nukta. (Kujua kitakachotokea ndani ya sekunde chache baada ya laini kukatika kunahitaji hesabu nzito zaidi, lakini huanzia hapo hapo.) Programu huria zipo, pandapower na PyPSA, zote za Python, zote bure. Kinachokosekana ni namba.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Tuseme laini ya kilovolti 132, urefu kilomita 150, kama safari ya barabara kutoka Mombasa hadi Voi. Kwa vipimo vya kawaida vya vitabuni, ukinzani ni omu 22 na riaktansi omu 60. Ipakie megawati 30 pamoja na megava 14.5 za riaktivu, yaani umeme unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi, ule unaopendwa na mota kubwa kama za viwanda vya mkonge. Zidisha 30 kwa 22, ongeza 14.5 mara 60, gawa kwa 132. Volteji inashuka karibu kilovolti 11.6, asilimia 9 hivi. Sasa funga kapasita huku mwisho wa laini zitoe hiyo riaktivu. Anguko linabaki kilovolti 5. Zaidi ya nusu ya tatizo limeondoka, bila kujenga mnara hata mmoja!

Hizo ni namba za kitabuni. Za laini yetu halisi nilikwenda kuziomba katika ofisi moja. Nikaulizwa mimi ni nani na nazitakia nini. Nikaambiwa nirudi na barua. Nikarudi na barua. Basi.

Na si kwamba mambo yako palepale. Zamani Pwani ilijipikia umeme wake kwa mafuta. Kile kituo kilichoitwa Tsavo (ingawa kilikuwa Kipevu, Mombasa, si huku kwetu kwenye Tsavo yenyewe) kilikuwa na megawati 74, na mkataba wake uliisha 2021. Mwaka huo huo jua la Malindi likaingia na megawati 40, lakini jua huzama saa kumi na mbili, wakati sisi ndio kwanza tunawasha taa. Mvuke uko Olkaria, upepo uko Turkana, maji yako Ethiopia. Yote yako mbali, nasi tuko kwenye mkia. Nishati safi naiunga mkono kwa mikono miwili. Ninachokataa ni kuhamia huko huku tumefungwa macho.

Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Wundanyi wataupimia wapi? Ukitaka kujua kama jua likiwekwa Mwatate litainua volteji ya Voi au litaipasua mchana, lazima uwe na modeli. Bila modeli unaandika insha.

Najua jibu: usalama wa taifa. Usalama gani? Minara hiyo unaiona ukiwa kwenye basi la Mombasa, na nyingi zimeshachorwa kwenye OpenStreetMap. Uingereza huchapisha takwimu za mtandao wao wa umeme, laini kwa laini, na ukinzani na riaktansi zake. Kama wao hawajaanguka kwa hilo, sisi tunaficha nini? Ficheni nywila za mitambo, sawa. Omu 60 si nywila.

Modeli yangu ya Pwani ina nukta chache, nimeichora kutoka ramani na kujaza namba za kitabuni. Ni mbaya, naikubali. Anayeitaka aniandikie nimtumie. Na mhandisi anayesema namba zangu ni uongo, alete za kweli nizibadilishe usiku huu huu, stima zikiwepo.