Msiba wa Maalim Seif na Deni la Waliomzika

Tarehe 17 Februari 2021, Rais wa Zanzibar, Dk. Hussein Ali Mwinyi, aliwatangazia wananchi kifo cha Makamu wa Kwanza wa Rais, Maalim Seif Sharif Hamad, kilichotokea katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Marehemu alikuwa na umri wa miaka 77. Serikali ilitangaza siku saba za maombolezo na bendera zikapepea nusu mlingoti. Siku ya pili yake maiti ilisafirishwa, na baada ya kuswaliwa ikazikwa Mtambwe, Pemba, huko huko alikozaliwa mwaka 1943.

Miaka imepita tangu siku hiyo. Hata hivyo kila ufikapo mwezi wa Februari jina lake hurejea barazani, na sisi tunaona yafaa tulizungumze jambo moja ambalo katika siku za msiba wenyewe, kwa kuwastahi wafiwa, halikuwa na nafasi ya kusemwa. Nalo ni hili: msiba ule uliwakutanisha watu ambao kwa miaka mingi walikuwa hawazikani, na wale waliokutana pale, hasa waliokuwa na dhamana ya serikali, waliondoka na deni.

Kuzika katika visiwa hivi si jambo dogo. Dini inasema ni faradhi ya kutoshelezana, kwamba wakisimama baadhi wengine wamesalimika. Lakini ada zetu zimekwenda mbali zaidi, zikaifanya kuwa haki ya kila jirani juu ya kila jirani. Tanzia ikishasomwa redioni au msikitini, mvuvi huiacha ngalawa pwani na mwenye duka hufunga. Wanaume huelekea makaburini na wanawake hujaa nyumba ya msiba. Jeneza hupokezanwa mabegani na hakuna anayejua bega la nani limelipokea. Mtu asiyeonekana mazikoni bila ya udhuru hutazamwa kwa jicho baya hata arubaini ipite.

Ada hiyo tuliivunja kwa mikono yetu wenyewe. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, ambapo Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif, visiwa vilipasuka vipande viwili. Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka. Mwanachama wa CCM alifariki na majirani zake wa CUF wasiende kuzika; na wa CUF vivyo hivyo. Duka lilisusiwa kwa sababu ya chama cha mwenye duka, gari la abiria likasusiwa kwa sababu ya chama cha dereva. Harusi zilikosa watu na ndoa zilivunjika. Hayo hayakuletwa na mgeni. Na tusidanganyane kwamba yalifanywa na upande mmoja peke yake, ingawa ni kweli kwamba upande mmoja ulikuwa na susa tu, na upande wa pili ulikuwa na susa pamoja na dola.

Kisha ikaja tarehe 27 Januari 2001, siku ya maandamano ya kuyapinga matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2000. Risasi zilipigwa Pemba na Unguja. Tume iliyoundwa na Serikali ilihesabu vifo 31. Watetezi wa haki za binadamu wa nje wakahesabu si chini ya 35. Watu zaidi ya elfu mbili walivuka bahari kwa majahazi na mashua hadi Shimoni, nchini Kenya, na kwa mara ya kwanza Tanzania iliyozoea kupokea wakimbizi ikatoa wa kwake. Katika hali ile nani angemzika nani?

Inafaa kukumbuka haya kwa sababu katika siku saba za maombolezo ya mwaka 2021 yalisemwa maneno mengi mazuri, na karibu yote yalisemwa kana kwamba historia ilianzia asubuhi ile. Tulisikia kwamba marehemu alikuwa mtu wa amani, mzalendo na nguzo ya maridhiano. Sisi hatuna ugomvi na sifa hizo, tunaamini alizistahili. Ila tunauliza, alianza lini kuzistahili? Huyu ndiye aliyekuwa Waziri Kiongozi tangu mwaka 1984 hadi Januari 1988, akaondolewa, akafukuzwa katika chama mwaka huo huo, na mwaka 1989 akatiwa kizuizini hadi mwaka 1991. Huyu ndiye aliyeitwa majukwaani mchochezi, msaliti, na mtu anayetaka kumrejesha Sultani. Oktoba 2020, siku ya kura ya mapema, alikamatwa na polisi akiwa mgombea wa urais. Baina ya kukamatwa kule na sifa zile haikupita hata miezi minne. Mtu wa miaka 77 habadiliki tabia kwa miezi minne.

Labda tujibiwe kwamba marehemu hasemwi ila kwa wema. Hiyo ni kweli, na ni adabu tuliyofunzwa na wazee wetu. Lakini adabu haizuii kumsema kwa wema aliye hai, wala haimlazimishi mtu kungoja sanda ndipo atoe ushahidi wa haki.

Wala sisi hatutaki kumfanya marehemu malaika. Mwezi wa Agosti 2016, katika mazishi ya Rais mstaafu wa Zanzibar, Mzee Aboud Jumbe, Rais wa wakati huo, Dk. Ali Mohamed Shein, alimnyooshea mkono Maalim Seif, naye akakataa kuupokea. Tukio hilo lilizungumzwa sana, hata likafika kwenye hotuba za wakubwa. Tunasema bila ya kificho kwamba kwa mila zetu alikosea. Mazikoni mkono haukataliwi. Maiti ilikuwa ya mtu aliyemlea katika siasa, na mtu ambaye yeye mwenyewe alihusika na kuanguka kwake mwaka 1984. Kama kulikuwa na mahali pa kumeza uchungu, ni pale.

Lakini ni vyema kujua uchungu ule ulitoka wapi, kwani watu hao wawili hawakuwa maadui wa tangu zamani. Tarehe 5 Novemba 2009 Maalim Seif alikwenda Ikulu akakutana na Rais Amani Abeid Karume, na wote wawili wakarudi kwa wafuasi wao wakawaambia jambo lililokuwa gumu kuambika: kwamba ugomvi umekwisha. Mwezi Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi ulipofika, Dk. Shein alitangazwa kwa asilimia 50.1 na Maalim Seif akapewa 49.1. Pengo la asilimia moja! Wafuasi wake walikuwa wakingoja neno lake moja tu, naye akaenda Bwawani, akakubali na kumpongeza mshindani wake. Watu wakaanza tena kuzikana. Hatusemi hivi kwa kupamba. Ndivyo ilivyokuwa, mitaani na vijijini. Waliosusiana kwa miaka kumi na mitano walikaa jamvi moja la khitma.

Ndipo tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alipoufuta uchaguzi mzima wakati matokeo yakiendelea kutangazwa, na ukafanywa wa marudio Machi 2016 ambao CUF iliususia. Pemba ikarudi kule kule. Tulisikia tena habari za maduka kususiwa na za majirani kutozikana, na Serikali ikazilaani kwa haki. Lakini kulaani kususiana bila ya kulitazama lililokuzaa ni sawa na kumgombeza mgonjwa kwa kukohoa.

Tukiyajua hayo, tutaelewa uzito wa alichokifanya Desemba 2020. Uchaguzi wa Oktoba ulikuwa umemwaga damu Pemba. Matokeo rasmi yalimpa Dk. Mwinyi zaidi ya asilimia 76, na Maalim asilimia 19.87, yeye ambaye mwaka 1995 na mwaka 2010 alikaribia kabisa nusu ya kura. Chama chake kipya cha ACT-Wazalendo kilikuwa na kila sababu ya kukaa nje. Walikuwamo wafuasi wake waliotaka hivyo, tena kwa hasira. Lakini tarehe 8 Desemba aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Alikaa katika kiti hicho siku sabini na moja tu.

Mwishoni mwa Januari 2021 chama chake kilitangaza kwamba Maalim ameambukizwa korona. Tunalitaja jambo hili ingawa linaweza kuonekana liko kando. Nchi ilikuwa imeacha kutoa takwimu za maradhi hayo tangu mwaka uliotangulia, na wengi waliuguza na kuzika kwa kunong’ona, wakiogopa hata kulitaja jina la ugonjwa. Kiongozi wa daraja lake kukubali hali yake itangazwe kulikuwa ni kuwasitiri wengine kwa kujifunua mwenyewe. Ni vigumu kupima ni wangapi walivaa barakoa kwa sababu hiyo, lakini walikuwako.

Basi alipofariki, watu walijitokeza Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Walijitokeza wa vyama vyote. Waliomwita msaliti walisimama safu moja ya sala na waliofungwa kwa ajili yake. Wale wafuasi waliochukia kuapishwa kwake walilia mbele ya kila mtu. Viongozi wa Serikali walikwenda hadi Mtambwe, na mkono wa taazia ulitolewa na ukapokelewa. Mapema Machi Rais alimteua Othman Masoud Othman kuishika nafasi iliyoachwa wazi, kwa pendekezo la chama cha marehemu, na utaratibu ukafuatwa bila ya mizengwe. Kwa mambo hayo Serikali ilistahili shukurani na sisi tunaitoa.

Sasa tunafika kwenye deni. Sehemu kubwa ya umati ule ilimlilia mtu mmoja, lakini ilimlilia pia kwa ajili ya yale ambayo haijayapata. Kuna mama Wete au Micheweni aliyepoteza mwana mwaka 2001 au 2020, na ambaye hakuna ofisi iliyompigia hodi. Yuko kijana aliyekwenda kwa sheha kutaka barua ili aandikishwe kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, akaambiwa rudi kesho, kesho ikawa mwaka, na kumbe sheha anajua anakopigia kura baba yake. Watu hao walipigana vikumbo kulifikia jeneza kwa sababu waliyemweka ndani yake ndiye aliyewaambia kwa miaka thelathini wavumilie, wasilipize, mlango utafunguka. Walimsikiliza yeye. Hatuna hakika kama watamsikiliza mwingine.

Kwa hiyo tunawaeleza wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya na masheha, ambao ndio Serikali machoni mwa mwananchi wa kijijini, kwamba yale waliyoyafanya Mtambwe mbele ya kamera wayafanye Kojani, Tumbatu na Makunduchi bila ya kamera. Sheha aende kumzika mpinzani wa shehia yake kama anavyokwenda kumzika balozi wa chama chake, na atoe barua kwa anayestahili barua. Na kwa Serikali yenyewe tunasema: familia za waliouawa mwaka 2001 na mwaka 2020 zinajulikana kwa majina na kwa nyumba. Zitembelewe. Ziulizwe. Zilipwe kifuta machozi pale panapostahili, na anayestahili kujibu ajibu. Isiwe kwamba mwenye jina kubwa peke yake ndiye anayepelekewa mkono wa taazia na Serikali.

Na kwa wananchi wenzetu, wa rangi zote za bendera, tunasema kususa maziko kusirudi, hata uchaguzi ukienda vibaya. Tunajua kwamba tunaomba jambo zito. Yapo madhila ambayo mtu hawezi kuyameza, na hatumwambii ayameze. Mahakama ipo, kalamu ipo, na mkutano wa hadhara ni haki yake. Lakini maiti haina kura. Aliyelala chini ya sanda hakumnyima mtu kitambulisho wala hakufuta uchaguzi, na hata kama alifanya hivyo akiwa hai, hesabu yake sasa iko kwa Mola wake, na waliobaki uani ni watoto wake, ambao hawakufanya kitu.

Makaburi ya Mtambwe hayako mbali na barabara. Viongozi wengi hupita Pemba kwa ziara za kazi, na wengine wao walikuwako siku ile wakatia udongo kwa mikono yao. Tunawaomba, wakipita tena, wasimame wasome Fatiha, kisha wakitoka hapo wakabishe hodi katika nyumba ya jirani ambayo haina makamu wa rais aliyefariki, ila ina kaburi lake la Januari au la Oktoba, na wamuulize mwenye nyumba anadai nini.