Pesti ya kulehemia bati isiguse bomba lako la betri

Ndugu mkulima wa Handeni na Korogwe, bomba la kupulizia la betri likizima katikati ya shamba, hasara si ya waya mmoja. Dawa umeshaichanganya, kibarua anasubiri malipo, na viwavijeshi wanaendelea kula mahindi.

Wengi hulipeleka kwa fundi wa karibu, waya ukalehemiwa, bomba likawaka. Baada ya wiki chache linazima palepale. Ukifungua, unakuta ukoga wa kijani kwenye maungio. Kwa maoni yangu, kabla ya kulaumu betri au kununua bomba jipya, chunguza pesti aliyotumia fundi.

Zinazoitwa pesti ya kulehemia ziko za aina tatu:

1. Ya bati na mabomba ya maji. Ina asidi au zinki kloridi, na kazi yake ni kula kutu. Inafaa kwa mifereji ya mvua na vibatari. Kwenye waya wa umeme huendelea kula shaba hata baada ya kazi kwisha, hasa panapolowa.

2. Ya rozini, itokanayo na utomvu wa msonobari. Husafisha shaba ikipata moto, ikipoa hutulia. Hii ndiyo ya redio, taa za sola na bomba lako.

3. Yenye unga wa lehemu ndani yake. Imetengenezwa kwa vipande vidogo vya kwenye bodi za simu na kompyuta. Inahitaji kutunzwa kwenye ubaridi, na kwa joto letu huharibika upesi. Kwa waya za bomba, usiinunue.

Mafundi wengine husema pesti ya asidi haina shida ukiiosha. Kwenye bati, sawa. Lakini kwenye waya, asidi hupenya ndani ya plastiki, mahali ambapo mswaki haufiki.

Kwa hiyo fanya hivi:

- Osha bomba kwa maji na sabuni kabla ya kulipeleka, fundi asishike mabaki ya dawa.
- Hakikisha betri imechomolewa kabla ya kulehemu.
- Omba uione kopo ya pesti. Kama fundi hajui kilichomo, mwambie atumie waya wa lehemu wenye rozini ndani. Mara nyingi huo peke yake unatosha.
- Kazi ikiisha, maungio yafunikwe vizuri yasipate maji.

Jambo la mwisho ni afya. Lehemu nyingi ina madini ya risasi, na risasi ni sumu, kwa watoto zaidi. Usiruhusu izibe sufuria wala kikombe. Kazi ifanyike penye hewa, mbali na jiko, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Fundi mzuri hatachukia ukimuuliza pesti yake ina nini. Muulize kabla hajawasha chuma chake.