Mimba haiko kosa la kazi

Katika mabutiki, mafarmasi, malewa na saluni za Butembo kuna maneno ambayo wadada wengi wanayajua kwa moyo: «Nenda kwanza upumzike, tutakuita.» Yanasemwa tumbo likianza kuonekana. Kisha hakuna anayeita. Barua haiko, mshahara wa mwisho hauko, na wiki inayofuata dada mwingine anasimama nyuma ya kontwari.

Hiyo siyo ruhusa. Ni kufukuza mtu kazi, na sheria inakataza.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mwanamke anayezaa majuma 14 ya kupumzika mfululizo: 6 mbele ya kuzaa, na yasiyopita 8 nyuma. Muda huo anapata theluthi mbili za mshahara wake, mtoto awe hai ao hapana, na patro hana haki ya kuvunja kontra. Akirudi na ananyonyesha, ana nusu saa mara mbili kila siku, yenye kulipwa. Tena ni marufuku kumwomba kipimo cha mimba mtu anayetafuta kazi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni kwa makampuni makubwa tu. Duka lenye mfanyakazi mmoja limo ndani.

«Lakini mimi sina kontra.» Hapo ndipo wanatudanganya sana. Kama hakuna maandishi, sheria inahesabu kwamba uliajiriwa kwa muda usio na mwisho, mpaka patro aonyeshe kinyume. Mesaji za WhatsApp, mshahara uliopita kwa simu, jirani aliyekuona ukifungua mlango kila asubuhi: vyote ni ushahidi.

Sasa tuseme pia jambo ambalo wengine kati yetu hawapendi kusikia. Patro mdogo siyo kila mara mtu mbaya. Tuseme anamlipa dada franka 300 000 kwa mwezi. Akienda kuzaa, anapashwa kumpa 200 000 kila mwezi, na kulipa pia anayeshika nafasi yake. Kwa butiki ndogo ni mzigo, basi anafanya hesabu yake: bora kuajiri kijana mwanaume. Ndiyo maana Mapatano namba 183 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 2000, yanataka pesa ya uzazi itoke katika bima ya jamii ao kwa Leta, siyo mufukoni mwa patro peke yake. Hapa kwetu sheria ya Julai 2016 iliweka msaada wa uzazi kati ya kazi za CNSS. Lakini CNSS haimjui mtu ambaye hakuandikishwa, na katika biashara ndogo wengi hawaandikishwi.

Leta inasema haina nguvu ya kufika kila mahali. Ajabu! Watu wa taksi wanajua kila butiki, hata ile ya mbao kando ya barabara. Mkaguzi wa kazi ndiye anapotea njia. Mwaka 2023 walianzisha Kinshasa programu ya kuzaa bure, ni vizuri. Ila mama akitoka maternite bila mshahara, atakula nini?

Sisi wengi tuko washomeri na diploma zetu. Wadada kati yetu waliulizwa wakitafuta kazi: «Utaolewa lini? Utazaa lini?» Makaka waliokuwa kwenye mstari uleule hawakuulizwa.

Tunadai inspeksheni ya kazi ishuke kwenye maduka, na CNSS iandikishe wafanyakazi wa biashara ndogo na iwalipe wazazi kwa wakati.

Na wewe uliye kazini na mimba: peleka cheti cha daktari kwa patro, ubakie na kopi yenye tarehe na sinyature yake. Akikufukuza, usitie sinyature kwenye karatasi usiyoisoma. Pita kwenye inspeksheni ya kazi, kisha utuandikie. Jina lako hatutalitoa.