Baiskeli ya umeme: kabla hujailipia, angalia kama ina resi

Tanga hatuhitaji kufundishwa baiskeli. Jiji letu ni tambarare, na hadi leo maziwa ya alfajiri yanafika kituo cha kukusanyia yakiwa kwenye madumu juu ya keria. Samaki wa Moa na Sahare wanapelekwa vijijini kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo habari ya baiskeli za umeme si ya watu wa Dar es Salaam peke yao. Lakini msikilizaji wetu, kabla ya kuuliza bei, uliza hili: unachouziwa ni baiskeli kweli, au ni pikipiki iliyopewa jina la baiskeli?

Faida ipo, na tuipigie hesabu. Betri ya volti 36 na ampea-saa 13, ambayo ni ya kawaida kwa baiskeli hizi, inabeba chini kidogo ya nusu uniti ya umeme. Mteja wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hutozwa na TANESCO shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Anayezidisha hapo hutozwa 292. Kwa hiyo kuijaza betri kutoka sifuri kunagharimu kama shilingi 60 kwa wa kwanza, na kwa wa pili haifiki 200. Ukiwa unakanyaga huku mota ikikusaidia, kwenye njia tambarare unaweza kwenda kilomita 40 hivi. Pikipiki ya kawaida kwa umbali huo inakunywa karibu lita nzima ya petroli, na bei ya petroli EWURA huitangaza upya kila mwezi. (Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia hapa kwetu Chongoleani, ila mafuta yale ni ya kupakiwa melini. Asikudanganye mtu kwamba yatashusha bei ya kituo cha Maramba.)

Mlimani hesabu hiyo inabadilika. Ukipandisha Amani au Lushoto na mzigo, betri inaisha mapema sana. Na Tanga–Pangani kwenda na kurudi ni karibu kilomita 100. Betri moja haikurudishi nyumbani.

Sasa sheria, maana hapa ndipo mtu anaweza kupoteza fedha zake. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Wakati ule baiskeli ilikuwa ya kukanyaga na pikipiki ilikuwa ya petroli, na hapakuwa na kitu cha katikati. Chombo kinachojiendesha kwa mtambo kina masharti yake: kusajiliwa TRA na kupata pleti namba, dereva kuwa na leseni ya kundi la A, bima angalau ya mtu wa tatu, na kofia ngumu kichwani. Ukibeba abiria kwa malipo, inaongezeka leseni ya usafirishaji ya LATRA.

Bandarini nako jina la dukani halisaidii. Katika orodha ya forodha inayotumika duniani, na Afrika Mashariki tunaifuata, kifungu cha 8712 ni cha baiskeli zisizo na mota. Yenye mota ya umeme inaingia 8711, pamoja na pikipiki, hata kama ina pedeli. Yaani mzigo unaweza kushushwa ukiwa ndani ya kundi la pikipiki, kisha ukafika dukani ukiitwa baiskeli.

Ulaya walichora mstari. Mota isizidi wati 250, isaidie tu pale mtu anapokanyaga, na ikatike mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Ikiwa ndani ya mipaka hiyo, ni baiskeli, haina pleti wala leseni. Ikizidi, inahesabiwa na vyombo vya moto. Kwa maoni yangu mstari wa namna hiyo unatufaa. Mfugaji wa Muheza mwenye lita 20 za maziwa akidaiwa pleti, leseni na bima kwa chombo kinachokwenda polepole kuliko bodaboda yoyote, ile nafuu ya shilingi 60 imekwisha. Jinja, Uganda, shirika la FABIO limezipeleka baiskeli za namna hii kwa wahudumu wa afya wa vijijini, watu ambao pikipiki hawaimudu. Ndio hao hao wa kwetu watakaoachwa nje.

Kwa leo, kigezo chako kiwe resi. Kama ukivuta resi chombo kinaondoka bila kukanyaga, kichukulie kuwa pikipiki, hata kama kina pedeli za maonyesho, na mdai muuzaji nyaraka za forodha na za usajili kabla hujalipa. Kama mota haiamki mpaka ukanyage, muulize kamanda wa trafiki wa wilaya yako kabla ya kununua, si baada ya kusimamishwa barabarani. Vyovyote iwavyo, pita kushoto, funga taa ya mbele na ya nyuma, na uvae kofia.

Betri nayo ina masharti yake. Chumvi ya bahari inakula vichwa vya nyaya, hivyo vifute kwa kitambaa kikavu kila jioni. Usiichaji juani, wala chumbani mnamolala, wala kwa chaja ya kuokoteza: betri ya lithiamu ikiungua, moto wake haukupi muda. Ikivimba au ikinuka, itoe nje ya nyumba siku hiyo hiyo.