Ada ya Fundi Asiyefunzwa
Vijana wengi watengenezao majeki na magreda hujifunza kwa kuwatazama wakubwa wao, kwani walimu wa mitambo ya haidroliki ni haba. Lakini jicho halioni shinikizo la mafuta. Mpira ukitoboka tundu la sindano, mafuta yaweza kupenya ngozi ya mkono unaopapasa. Jeraha huonekana dogo, tena huenda lisiume, huku nyama ikiharibika ndani. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa kidole. Fundi akirudi nyumbani na kitundu hicho, jamaa wamwahishe hospitali saa ile ile, wamweleze daktari kuwa ni mafuta ya mtambo. Asiyefunzwa hufunzwa na ulimwengu. Ada yake hapa yaweza kuwa kiganja.